Mafuta Kwenye Moteri ya Baba Mukwe

Kati ya Baraka na Fizi hakuna moteri ya zamani ambayo haijapita mikononi mwangu, na kama ipo, basi mwenyewe alikuwa mchoyo au alikuwa na ndugu anayejiita fundi. Shule niliacha primeri ya nne. Ukutani mwa garaje yangu hakuna diplome. Nimetundika funguo zangu, ndizo spana, kuanzia namba sita mpaka thelathini na mbili, na kila moja naijua kwa mkono hata nikifumba macho. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, mabati yake, viti vyake, masomo ya watoto wangu, vyote vimetoka ndani ya moteri za watu. Wenye kusoma wananiletea magari yao, wanasimama pembeni na mashati meupe, wanauliza, "Papa, iko na nini?" Nami nawajibu nikipenda.

Lakini magari ya siku hizi hayanipi raha. Ukifungua kapo, boneti yake, huoni moteri, unaona plastiki nyeusi, kama maiti iliyofunikwa shuka. Nayatamani yale ya zamani, chuma kitupu, yenye nafasi ya kuingiza mkono mpaka begani. Na kati ya hayo yote ninayoikumbuka zaidi ni kamioneti nyeupe ya baba mukwe wangu, ya mazutu, yaani dizeli, silinda nne, milango miwili iliyolia kama kuku. Ile ndiyo iliyonifundisha kufunga mdomo. Wanaonifahamu watasema bado sijafunga. Waseme, lakini siku ile moja nilifunga.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipoanza kujaa Lusenda. Barabara ya ziwa ilikuwa na magari mengi, na kazi ilinizidi mpaka nikawa nakula nimesimama. Baba mukwe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Kamioneti yake ilibaki chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na ufunguo ukabaki kwa mtoto wake wa kwanza, kaka wa mke wangu, ambaye mimi namwita shemeki. Shemeki ni mwalimu. Mtu mzuri, ila mwoga. Akishika usukani hata mbuzi wanampita.

Mama mukwe alikuwa na ombi moja tu. Dada yake mkubwa alikuwa Fizi, miguu imemkataa, hatoki tena nje ya lupango lake, ule ua wa nyumba, hata kwenye kilio cha baba mukwe hakufika. Mama alitaka kwenda kumwona kabla mmoja wao hajaondoka, na alitaka kwenda ndani ya gari ya bwana wake. Watu walimwambia apande pikipiki, zimejaa, saa chache tu anafika. Alikataa.

"Mi mama muzee," alimwambia mke wangu, "nikumbatie kijana sijui mama yake ni nani, tangu Baraka mpaka Fizi? Apana. Bora nikufe bila kufika."

Basi shemeki akampakia, wakaondoka. Hawakufika nusu. Walipoanza kupanda milima moshi mweupe uliingia ndani ya kabini, shemeki akasimamisha, akamshusha mama kwa mkono, wakasimama mbali kama gari ni mnyama ataruka. Walirudi polepole, wakishuka, moteri imezimwa kila palipowezekana. Jioni ile ile shemeki alikuja kwangu.

"Shemeki, ile gari inataka kutuchoma."

"Gari haitaki kitu. Iko na mafuta inavuja. Nitaiona kesho."

Nilipofungua kapo asubuhi, nilikuta mafuta yamezunguka kolekteri yote. Kolekteri ni lile bomba la chuma lenye vidole vinne, linaloingizia moteri hewa. Kwenye moteri ile lilikuwa limekaa upande mmoja na bomba la moshi, juu yake kabisa. Kwa hiyo tone lolote likianguka kutoka kwenye kolekteri linaangukia chuma cha moto, na chuma kinalikaanga. Moshi wa shemeki ulitoka hapo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo fundi anapotengana na mtu mwenye ufunguo mkononi. Fundi wa kawaida akiona mafuta kwenye kolekteri anakimbilia joint ya kolekteri, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma. Anaibadilisha, anachukua pesa, na mafuta yanarudi. Hajiulizi. Ndani ya kolekteri ile mnapita hewa. Mafuta yatoke wapi? Mimi nilipandisha macho juu, kwenye kofia ya moteri, kile kifuniko cha bati, na nikakuta joint yake imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Mafuta yalikuwa yanatoka pale, yanashuka taratibu kwa nyuma, yanatua kwenye mabega ya kolekteri. Kolekteri ilikuwa inasingiziwa.

Niliagiza joint mpya Uvira. Nikasafisha vyuma vyote viwili mpaka ukijitazama unajiona meno. Nikakaza buloni, zile boliti za kofia, kama inavyotakiwa, nikianzia katikati na kwenda nje, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Nikamalizia kuosha moteri nzima kwa esansi, yaani petroli. Mafundi wawili wa upande wa soko walikuwa wamekuja kutazama, maana walijua kazi nzuri inafanyikia wapi. Nikawaambia:

"Ikivuja tena, muniite mwanafunzi."

Ilivuja tena. Baada ya wiki shemeki alifungua kapo, akakuta mafuta palepale, kuzunguka kolekteri, yameanza kuwa meusi kwa vumbi. Alipowasha moteri kidogo, moshi ukatoka. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Nilipopita kununua sabuni, mmoja wa wale mafundi alisimama, akavua kofia.

"Mwanafunzi, mambo ya masomo?"

"Bado niko napanda darasa," nikamjibu.

"Ukifika ya tano utuambie. Yenye ulikimbiaka."

Nilicheka nao, lakini nyumbani sikula.

Nikafungua tena. Safari hii niliangalia kila kitu: kofia, joint, mpira wa kupumulia, mpaka kolekteri yenyewe niliishusha, nikaipiga tupa, nikairudisha na joint mpya ambayo hata haikuhitajika. Nikaosha kwa esansi. Ikakaa kavu Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumapili baada ya misa shemeki akakuta imelowa.

Kazi hii yote niliifanyia pale pale, kwenye lupango la mama mukwe, na lazima nieleze ilivyokuwa, kwa sababu watoto wa leo wanaketi meza moja na wakwe zao, wanachekeana. Sisi hapana. Nilikuwa na miaka kumi na tano ndani ya ndoa, na mimi na mama mukwe hatukuwa tumeongea neno uso kwa uso. Si kwamba tulichukiana. Nilimheshimu kuliko nilivyomheshimu padri. Nikiwa chini ya kapo, yeye anakaa jikoni. Akitaka kupita kwenda barabarani anakohoa kwanza, nami nageuza uso kwenye moteri mpaka nisikie viatu vyake vimekwisha kupita. Chakula alinipikia kila siku niliyofanya kazi pale, maharagwe, ugali, mikebuka, samaki wa ziwani, na kilifika kwangu kwa mikono ya mke wangu. Nikishukuru, shukrani inarudi kwa njia ile ile. Nilijua kikohozi chake kuliko sura yake.

Mara ya tatu shemeki alikuja na uso wa mwalimu anayetaka kutoa matokeo.

"Shemeki, sikukatai. Lakini kuko mwenye boti ya Swima, anatafuta moteri ya namna hii. Tutaangalia Jumapili yenye inakuja. Nikikuta ata tone moja, Jumatatu anakuja na batu yake, wanaitoa."

"Na mama?"

"Mama nitamwambia. Mi siwezi kumupandisha mama yangu mu gari yenye inatoa moshi."

Alimwambia kweli, pale jikoni, na mimi nilisikia. Nikasikia mchi unaanza tena kwenye kinu cha sombe, yale majani ya muhogo, ukienda polepole, ukisimama, ukienda. Nimesikia moteri nyingi zikikaribia kuzima. Zinaenda vilevile.

Ijumaa niliamua kuikamata. Nikaosha moteri, nikaikausha kwa kitambaa, kisha nikachukua unga wa muhogo, nikaunyunyizia upande wote wa kolekteri, juu mpaka chini, ikawa kama mtu ametoka kusaga. Unga hausemi uongo. Mafuta yakitoka mahali, yanaacha alama pale yalipotokea, kabla hayajapata nafasi ya kutembea. Mke wangu aliniuliza kama nataka pia kuipikia ugali. Nikawasha, nikaiacha ikinguruma muda wa mtu kula na kunawa. Nikaikanyagia pedali ya mafuta, nikaizima. Unga ulikuwa mweupe kila mahali, mkavu, bila hata nukta.

Niliutazama mpaka macho yakauma. Moteri ile haikuwa inavuja. Nilikuwa nimeitengeneza siku ya kwanza.

Sikumwambia mtu. Nilifunga kapo, nikauacha unga palepale, nikaenda nyumbani. Jumamosi nikarudi jua likiwa limepanda kidogo. Gari haikuwa imewashwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua kapo. Kwenye shimo lile kati ya vidole vya kolekteri na mwili wa moteri, unga ulikuwa umelowa, na rangi yake haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya chungwa, kama sahani ya maharagwe iliyokwisha kulambwa. Nikagusa, nikanusa, nikaweka kwenye ulimi.

Mawese. Mawese mapya, ya kupikia.

Mtu wa mbali atauliza, wewe fundi mkubwa, wiki zote zile hukusikia harufu? Baraka harufu ya mawese iko ndani ya kuta, iko kwenye nguo, iko kwenye nywele za watoto. Nani anaisikia? Na kila mara nilipoyakuta, vumbi na moto vilikuwa vimekwisha kuyageuza meusi.

Nikamwita mke wangu, nikamwonyesha. Aliangalia unga, akaangalia jikoni. Kisha akaenda kwa mama yake. Nilisikia sauti mbili chini chini, muda mrefu. Aliporudi alikaa juu ya tairi la akiba, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote viwili.

"Ni mama."

"Ni mama nini?"

"Anaimwangiaka mafuta. Kila Jumamosi asubui, mbele hajaenda kufagia kanisa. Anapanda ku kiti, anamwanga penye mukono yake inafika."

"Juu ya nini anafanya vile?"

"Baba alimwambia, akiwa mu kitanda: usiache moteri yangu ikose mafuta. Njo vile alisema. Usiache ikauke."

Hapo nilikaa na mimi. Kwetu mafuta ni mafuta. Ya sufuria ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya moteri ni mafuta, hata mazutu watu wanaita mafuta. Mzee alisema neno moja kwa mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akikamua mawese, na yeye akalishika kama alivyolisikia.

"Na iko kitu ingine," mke wangu akasema. "Anasema weye njo unaikausha. Ukishaiosha, anakuta imekauka yote, imekuwa nyeupe kama mufupa. Anasema, mukwe yangu anataka moteri ya bwana yangu ikufe, na mi siwezi kumwambia. Basi anaongeza."

Wiki zote zile tulikuwa tunapigana, mimi na yule mama, juu ya chuma kimoja. Mimi naosha, yeye anamwaga. Mimi naosha zaidi, yeye anaongeza chupa. Kila mmoja anaona mwenzake anaiua, na hakuna aliyeweza kufungua mdomo kumwambia mwenzake maneno matano.

"Anajua moshi inatokea wapi?"

"Apana. Alisikia inavuja. Hajue kama ni yake njo inavuja."

Shemeki alikuwa aje kesho yake. Kumwambia ukweli kulikuwa kazi ya dakika moja, na jina langu lingesafishwa kuliko ile moteri. Ningetembea sokoni na kifua mbele: nilisema nimeitengeneza, nilikuwa nimeitengeneza. Nilitamani jambo hilo kama mtu wa njaa anavyotamani nyama. Lakini shemeki ni mwalimu, habari ikiingia kwake inatokea darasani. Ingefika kanisani kwa bamama, ingefika kisimani. Yule mama angesikia kwamba mikono yake nayo ilichangia moshi ule mlimani, yeye na mtoto wake wakiwa ndani. Angesema gari ichukuliwe, na Fizi asingekwenda tena. Na habari ingekuwa imetoka kinywani mwa mukwe wake. Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai, lakini si wa namna hiyo.

Nikamtuma mke wangu. "Mwambie mama hivi: moteri imekunywa, imeshiba. Mafuta ya kupita ndani iko mingine, mi njo nitaiangalia mpaka siku yenye nitakufa, haitakauka. Lakini milango ya gari inalia, haijapata kitu. Aangalie milango."

Alikwenda, akarudi na chupa ya mawese imejaa mpaka shingoni.

"Anasema hii ni ya kula. Na anasema amesikia."

Jumapili shemeki alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na leso nyeupe mfukoni, na wale mafundi wawili wa soko nyuma yake, hakuna aliyewaalika. Akafungua kapo. Nilikuwa nimeosha kila kitu usiku ulipoingia Jumamosi, na mama hakugusa. Shemeki akapitisha leso kwenye kolekteri, kidole kwa kidole, akaingiza mpaka kwenye shimo lile. Leso ikatoka nyeupe. Akawasha moteri, tukangoja. Akapangusa tena. Nyeupe.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Mafundi wale walisogea. Jikoni mchi ulikuwa umesimama.

"Ilikuwa mimi," nikasema. "Nilikaza buloni vibaya. Nilianzia pembeni, sikuanzia katikati."

"Weye?" mmoja akasema. "Ulianzia pembeni?"

"Mi."

"Ata mutoto wa mwaka ya kwanza anajua unaanzaka katikati."

"Sasa na mi najua."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kwa miaka miwili mizima, pale sokoni, niliitwa Papa Pembeni. Wateja wawili walihamia kwao kwa sababu ya neno lile, na walirudi, maana kazi ni kazi, lakini walihama. Naandika ukweli huu leo kwa sababu mama mukwe amekwisha kulala kaburini, na shemeki mwenyewe amezeeka, akiusoma atacheka peke yake. Wengine wote waliocheka siku ile wajue walimcheka fundi aliyefanya kazi sawasawa mara ya kwanza.

Mwenye boti ya Swima aliambiwa atafute moteri kwingine. Alhamisi tulipanda Fizi. Shemeki kwenye usukani, mama kando yake na kitenge kipya, mke wangu mlangoni. Mimi sikuweza kuketi kabini moja na mama mukwe, kwa hiyo nilikaa nyuma, juu ya mihogo na mikungu ya ndizi aliyomchukulia dada yake, na jogoo mmoja amefungwa miguu aliyenitazama njia nzima kama mimi ndiye niliyemfunga. Milango haikulia hata mara moja.

Milima ilipoanza, nilijilaza kifudifudi, nikatoa kichwa nje upande wa kolekteri, nikinusa. Vumbi lilinijaza meno. Shemeki alipunguza mwendo mahali pale alipomshusha mama ile siku ya moshi, nikamsikia anauliza kitu, na mama akajibu kwa neno moja, na gari ikaendelea. Hakukuwa na moshi. Ile sauti, silinda nne zinapanda zikiwa zimetulia, kila moja inangoja zamu yake, kama ningeweza kuwapa vijana wangu wa leo waisikie mara moja tu, wangeelewa nasikitikia nini. Hewa ilianza kuwa baridi. Nikajifunika gunia.

Tulifika. Dada yake alikuwa amekalishwa nje kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na alipoona gari alianza kupiga makofi mapajani kabla hajajua nani yuko ndani. Mama alishuka. Sikuona walivyoshikana, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kwenda upande wa pili, nimewapa mgongo, nimeinama kwenye gurudumu na ufunguo wa buloni mkononi kama mtu mwenye kazi. Niliwasikia tu. Walilia Kibembe, wakacheka, wakalia tena. Kisha yule dada mkubwa akauliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Nani amekuleta?"

Nilisimamisha ufunguo. Sikatai, nilingoja.

"Bwana yangu," mama akasema. "Bwana yangu njo amenileta."

Nikaendelea kukaza buloni za gurudumu lile. Zilikuwa zimekaza tayari, zote tano, nilizikaza mwenyewe asubuhi, lakini nilizipitia tena, moja baada ya nyingine, mpaka wakaingia ndani.